Nilivyorudisha Sauti ya Kichwa cha Treni cha Mfano, Mbeya

Nimekulia Mbeya, upande wa stesheni ya TAZARA, na honi ya treni ni sauti niliyoizoea kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayefanya kazi Ujerumani, aliponiletea kichwa cha treni cha dizeli cha mfano chenye kutoa sauti, nilikipokea kwa furaha ambayo si rahisi kuieleza. Ni cha ukubwa wa HO, yaani sehemu 1 ya 87 ya kichwa halisi, na hupita juu ya reli zenye upana wa milimita 16.5. Upana huo unawakilisha reli pana za milimita 1435, wala si za TAZARA zenye milimita 1067, lakini muungurumo wake ni wa dizeli kwelikweli. Niliweka reli katika duara juu ya ubao mmoja wa plaiwudi, chumba cha nyuma, na kwa miezi mitatu kila kitu kilikwenda vizuri.

Baada ya miezi hiyo mitatu, katikati ya kiangazi, hitilafu ilianza. Kichwa kilikuwa kikitembea hatua chache, kikishtuka, sauti ikakatika, kisha injini ikaanza kuwaka upya kama vile ndiyo kwanza imewashwa asubuhi. Wiki mbili baadaye sauti ilipotea kabisa, ingawa taa ziliwaka na magurudumu yalizunguka. Niliamini kwamba ni ugonjwa mmoja uliozidi, na kwamba dikoda, yaani kile kibao kidogo cha elektroniki kinachopokea amri na kutoa sauti, ilikuwa imeungua. Imani hiyo ilinigharimu siku nyingi, kwa sababu hitilafu zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na dalili zake ambazo nilizichanganya.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kosa. Baada ya kuhakikisha kwamba sikuwa nimezima sauti kwa kitufe namba 8, ambacho katika dikoda nyingi ndicho huwasha na kuzima sauti, nilikimbilia kurudisha mipangilio ya kiwandani. Katika DCC, yaani mfumo wa kuongoza treni za mfano kwa amri za kidijitali zinazopita kwenye reli, ambao misingi yake ilitengenezwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kanuni na NMRA, chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, mipangilio ya dikoda huhifadhiwa katika nafasi zenye namba ziitwazo CV, na kwa dikoda yangu kuandika 8 katika CV 8 hufuta yote. Reli yangu ya kupangia, yaani kipande kilichotengwa kwa kusoma na kubadili mipangilio, haikuweza kuisoma dikoda, jambo la kawaida kwa dikoda za sauti, kwa kuwa zinapowashwa huvuta umeme mwingi kuliko reli hiyo inavyoruhusu. Basi niliandika amri kupitia reli kuu, ambako hakuna jibu linalorudi. Amri ilifika. Kichwa kikaacha kuniitikia kabisa, na kwa siku mbili nilikihesabu kuwa kimekufa, hadi nilipokumbuka kwamba anwani ya kiwandani ni 3, nami nilikuwa bado nakiita kwa namba 21. Kilipoitikia, kilikuwa bubu vilevile kama mwanzo.

Hapo ndipo nilipokaa chini na kufikiri. Injini inapoanza kuwaka upya katikati ya safari, maana yake dikoda imekosa umeme, hata kama ni kwa kitambo kidogo sana, ikazimika na kuanza kazi tangu mwanzo. Sauti inapokosekana huku kichwa kikitembea bila kushtuka, umeme unaifikia dikoda, na tatizo liko baada yake: kwenye spika au nyaya zake. Laiti ningeyatenga haya mawili tangu siku ya kwanza, nisingegusa CV hata moja.

Nilianzia kwenye reli. Nilipima volti kwa mita iliyowekwa kwenye umeme geu. Mita ya kawaida haisomi mawimbi ya DCC kwa usahihi, lakini inatosha kwa kulinganisha. Karibu na nyaya za kuingizia umeme nilipata 14.8, na upande wa pili wa duara, kichwa kikiwa kinavuta mabehewa, 11 tu. Nikaweka sarafu ya shilingi 200 juu ya reli zote mbili upande huo wa mbali, ili kusababisha shoti kwa makusudi. Kituo cha kuongozea, yaani kifaa kinachotuma umeme na amri kwenye reli, kilipaswa kukata umeme papo hapo, lakini hakikukata, ishara kwamba viungio vya reli vilikuwa vimelegea na umeme ulipita kwa shida. Hali hiyo ni ya hatari, kwa sababu treni ikianguka hapo umeme unaweza kuendelea kupita hadi kitu kiungue. Niliongeza nyaya za kuingizia umeme sehemu tatu, nikazichomea kwa risasi, na nilipoijaribu tena ile sarafu umeme ulikatika mara moja.

Vumbi nalo lilikuwa na sehemu yake. Kiangazi cha Mbeya hupeperusha vumbi jembamba ambalo huingia hata dirisha likiwa limefungwa, na likichanganyika na mafuta ya ekseli hufanya utando mweusi kwenye magurudumu. Niliyafuta kwa spiriti na vijiti vya pamba vya masikioni, kijiti baada ya kijiti, mpaka pamba ikabaki nyeupe. Msasa sikuutumia, na simshauri mtu autumie, kwa kuwa huacha mikwaruzo inayoshika uchafu upesi zaidi. Kisha nilipima kutoka kila gurudumu hadi waya mwekundu na waya mweusi wa dikoda, ambao kwa kanuni za NMRA ndio huleta umeme kutoka reli ya kulia na ya kushoto. Magurudumu mawili hayakuonyesha mawasiliano yoyote, kwa sababu kibanzi cha shaba kinachopaswa kuyagusa kwa nyuma kilikuwa kimepinda. Nilikinyoosha kwa kibano. Tangu hapo kichwa hakijashtuka tena.

Ikabaki spika. Ilikuwa imeandikwa omu 8, kipimo cha ukinzani wa umeme, lakini mita haikuonyesha chochote. Nilikwenda Mwanjelwa kwa fundi simu ninayemwamini, akaitazama kwa lenzi yake na kusema, "Mwalimu, spika yako ni nzima. Waya umekatikia hapa, umebanwa na bodi." Kumbe nilipokifungua kichwa mwanzoni ili kukitazama ndani, mimi mwenyewe ndiye niliyeubana waya wakati wa kukifunga. Aliuchomea, mita ikasoma karibu omu 8, na kabla ya kufunga akapendekeza kuongeza spika nyingine ya simu ili sauti ijae. Nilimwomba asubiri. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na si kila dikoda inavumilia hivyo. Baadhi ya dikoda za zamani zilitaka spika ya omu 100, na yenye omu chache ingeunguza kikuza sauti chake. Kitabu cha dikoda yangu kinaruhusu omu 4 hadi 8, lakini ndani ya kichwa hapakuwa na nafasi.

Badala yake tuliziba ufa mdogo kwenye kisanduku cha spika kwa gundi ya silikoni. Hewa inayosukumwa nyuma ya spika ikivuja na kukutana na ya mbele, sauti nzito hufutika, na kweli muungurumo ulirudi mzito kuliko ulivyokuwa siku kilipofika kutoka Ujerumani. Fundi alibonyeza honi mara tatu pale pale mezani kwake, juu ya kipande cha reli nilichokuwa nimekwenda nacho pamoja na kituo cha kuongozea, na wateja waliokuwa wakisubiri simu zao wakasogea kusikiliza.