Niliposema Picha Ina Giza

Jumapili ya pili ya Julai 2018 niliingia Kiusa, hapa Moshi mjini, na bahasha ya kaki kwapani, ndani yake picha mbili za inchi nane kwa kumi. Kuzisafisha, yaani kuzitoa kwenye karatasi, kulikula nauli yangu ya daladala ya wiki nzima. Kuanzia kesho yake ningekwenda kazini kwa miguu, na nilikuwa nimeshalikubali hilo. Nilitaka siku hiyo wanisifu.

Tulikuwa watu saba tuliokutana kila mwezi kutazamana picha tulizopiga na kuzisema. Chama hatukuwa nacho, wala katibu, wala muhuri. Alikuwepo mwalimu wa fizikia wa sekondari, dada mmoja nesi, mzee aliyewahi kuwa na studio enzi za filamu, ndugu wawili wauza simu, mgumu mmoja na mimi. Kwa msomaji asiyeishi Moshi: mgumu ni mpagazi wa mlima Kilimanjaro, yule anayebeba mizigo ya wageni mpaka kambi za juu. Huyu wetu alikuwa kijana wa Pasua, mpole, akiongea kama mtu anayelipia maneno. Kamera yake aliachiwa na mgeni mmoja wakati wa kugawa bakshishi, kioo cha nyuma kikiwa tayari kimepasuka, kwa hiyo alipiga picha bila kuona alichopiga mpaka arudi mjini.

Mimi siku za kazi nilikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi, na Jumamosi nilishika kompyuta kwenye studio moja karibu na soko. Nikajiona ndiye niliyekaribia ufundi kuliko wote, ukimwacha mzee.

Tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha dada yake nesi, fundi cherehani. Picha tulizipanga juu ya meza ya kukatia nguo, katikati ya mikasi na vipande vya chaki. Juu kulikuwa na taa moja ya tyubu iliyokuwa ikipepesa, na upande wa pili mlango wa kutokea uani. Nje baridi. Julai Moshi ni mwezi wa masweta. Mawingu yanalala juu ya mji na Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, inaweza kujifunga siku tatu, nne, usiione hata ncha yake. Chai na maandazi tulichangia.

Kulikuwa na sheria tatu. Ya kwanza, mwenye picha hafungui mdomo mpaka wote wamalize kusema. Ya pili, kabla hujasema kama picha ni nzuri au mbaya, unasema kwanza unachokiona. Ya tatu aliileta mwalimu: anayesema "kali" bila kueleza kwa nini anatozwa shilingi mia mbili. Sukari ya chai ile ilitoka zaidi kwenye mifuko ya wale ndugu wauza simu.

Mada ya mwezi ilikuwa "Kusubiri". Watatu kati yetu tulikuwa tumekwenda stendi, kila mtu akidhani kafikiria peke yake. Abiria juu ya mabegi, abiria juu ya ndoo, abiria kasinzia. Yangu ilikuwa fundi viatu pale stendi, kichwa kimemlalia kifuani. Mwalimu akaitazama, akasema, "Naona mtu amelala. Anayesubiri ni nani?" Nikanyamaza, sheria ni sheria, lakini nilikuwa na jibu refu mno. Nesi alileta jozi ya kandambili za mtoto nje ya mlango wa wodi, hakuna mtu. Hiyo ilitunyamazisha wote. Mgumu alileta wageni watatu juu ya paa la hoteli, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wamegeukia upande mmoja, na mbele yao hakuna kitu ila wingu. Wanasubiri mlima ufunguke. Mkubwa wa wale ndugu alicheka mpaka akatozwa mia mbili.

Baada ya chai ikaja zamu ya picha za sura. Hapo ndipo ninapopataka.

Mgumu aliweka yake mezani. Mama mtu mzima, amekaa ndani ya jiko la mbao, kajifunga kitenge kichwani, uso kaugeuza kidogo kuelekea upande mwanga unakotoka. Nyuma yake ukuta wa masizi. Chini ya ile taa ya tyubu niliona kitambaa cha kichwa, niliona macho, na vingine vyote nikaona weusi juu ya weusi. Nikawa wa kwanza kusema. Hata ile sheria ya kueleza kwanza ninachokiona niliiruka.

"Picha ina giza," nikasema. "Mama hajaonekana. Ungempandisha mwanga kidogo, hata kwenye kompyuta inawezekana. Ukinipa faili mimi naweza kukusafishia ndani ya dakika mbili."

Sauti niliyoitumia ilikuwa ya studio. Kule kila Jumamosi mteja akisogea kwenye kioo cha kompyuta alisema neno lile lile: nisafishe. Maana yake ning'arishe. Picha ya pasipoti, ya kipaimara, ya sendi-ofu, mkono wangu ulishajua njia wenyewe: unapandisha mwanga, unalainisha ngozi, unaipunguzia ngozi rangi mpaka mteja atabasamu. Hakuna aliyewahi kuirudisha picha akasema nimemfanya mweupe mno. Ikafika mahali nikiona sura nyeusi kwenye karatasi, kichwa changu kinatafsiri hapo hapo: kosa la mwanga.

Wengine wakasema yao. Nesi akauliza mkono wa kushoto umeishia wapi. Mwalimu akamtaka mgumu akate kipande cha juu cha ukuta. Zamu ya mwenye picha ikafika. Yule kijana akakuna shingo.

"Mama yangu ndivyo alivyo," akasema. "Ni mweusi."

Basi. Hakuongeza neno. Nilimgeukia yule ndugu mdogo nikitafuta wa kucheka naye, nikakuta ameinamia andazi lake.

Mzee ndiye aliyenyanyuka. Akaichukua ile picha kwa ncha za vidole, kama walivyozoea watu wa filamu, akaenda nayo mpaka mlangoni. "Njoo hapa wewe," akaniita. Nikaenda. Akaigeuza karatasi ikapokea mwanga wa mawingu.

Kumbe ile tyubu ilikuwa inanidanganya. Mlangoni ule weusi ulifunguka tabaka moja baada ya jingine. Shavu lilikuwa na mng'ao mrefu kama ukingo wa kisu, halafu chini yake rangi ya kahawa iliyokaangwa, halafu mkunjo wa shingo, halafu masizi ya ukuta ambayo kumbe hayakuwa rangi moja na ngozi hata kidogo. Yalikuwa makavu, ngozi ilikuwa hai. Mzee akatoa mfukoni kioo cha kukuzia, kile kidogo cha kutazamia negativu, akakiweka juu ya jicho la mama. Ndani ya mboni kulikuwa na mlango mdogo mweupe, na pembeni ya mlango kivuli cha mtu amechuchumaa. Mwenye kamera mwenyewe.

"Sasa sema unachokiona," mzee akaniambia. Nikasema, "Naona mlango." Akacheka.

Nilimuuliza yule kijana amepimaje mwanga na kioo cha kamera yake kimepasuka. Hapo ndipo alipoongea kuliko siku zote nilizomjua.

"Nimejifunza Barafu, kaka," akasema. Barafu ni kambi, mita 4,673, ambako watu hulala kabla ya kupanda usiku kwenda kileleni. "Kule juu ukiiachia kamera yenyewe, theluji inatoka ya kijivu. Nikawa naongeza mwanga ndiyo inakuwa nyeupe. Nilipompiga mama jikoni nikaiachia kamera, mama akatoka wa kijivu. Nikaona kumbe tabia ni ile ile. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu. Basi kwa mama nikapunguza."

Mwalimu alifurahi kama mtu aliyekuta mwanafunzi amefanya kazi ya nyumbani bila kuagizwa. Akatueleza kwamba kipimo cha mwanga ndani ya kamera kimetengenezwa kwa kukisia kwamba dunia, ukiichanganya yote pamoja, inarudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Hicho ndicho kijivu chake. Ukiielekeza kwenye gauni la harusi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, bibi harusi anageuka mkaa. Ukiielekeza kwenye uso mweusi mbele ya ukuta mweusi inadhani mwanga umepungua, inaongeza, mtu anatoka kama aliyemwagiwa majivu. Kamera haijui iko mbele ya nani.

Mzee naye akakumbuka maabara aliyojifunzia kusafisha picha za rangi. Ukutani, karibu na mashine, kulikuwa na kadi yenye picha ya dada wa Kizungu. Ukishapata rangi ya ngozi yake sawasawa, unaambiwa mashine iko tayari. "Halafu wateja wote wanaingia ni sisi," akasema. Nilikuja kusoma baadaye kwamba kadi za namna hiyo ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak, kampuni ya filamu, aliyepigwa ya kwanza, na kwamba miongoni mwa waliolalamika rangi za hudhurungi hazitoki vizuri walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti! Hilo bado linanichekesha kwa uchungu fulani.

Wakati wote huo picha yangu ilikuwa ndani ya bahasha. Nilifikiria kusema nimeisahau nyumbani.

Niliitoa. Binamu yangu siku ya kipaimara chake, gauni jeupe, amesimama mgongo umegusa ukuta mweupe, nimempiga flashi ya uso kwa uso halafu nikamaliza kazi kwenye kompyuta. Nyuma yake kivuli kikali kimemganda ukutani kama mtu wa pili. Kwenye paji la uso nilikuwa nimefuta mng'ao wa jasho, na nilipoufuta nilifuta na umbo la paji lenyewe. Nesi akaivuta karibu.

"Huyu binti si anaimba kwaya ya vijana pale kwetu? Namfahamu," akasema. Akaitazama tena. "Angekuja kwangu na rangi hii, ningempima damu kwanza."

Walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa cha suruali ya mtu, na dada mwenye cherehani akatoka mbele kuja kutugombeza. Mimi nilicheka pia, maana ningefanya nini.

Mzee akasema maneno matupu hayafundishi, nikae. Nikawekwa kwenye kigoda, hatua moja ndani ya mlango. Mzee hakutaka kizingitini, alisema pale mwanga unatoka juu na unachimba macho. Mabega yalielekea kwenye cherehani, pua ikaelekea kwenye mhimili wa mlango. Nyuma yangu wakaning'iniza jora la kitambaa cha buluu iliyokolea. Mwalimu akashika kifuniko cha boksi la mashati karibu na goti langu kurudisha mwanga upande wa kivuli. Mzee akamwambia atoe: "Unamnyang'anya shavu." Mwalimu akatoa, akasema sasa pembetatu ya mwanga imetokea chini ya jicho la upande wa giza, ile ambayo wapiga picha wameipa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Nesi akatoa Vaseline kwenye pochi, akanipaka juu ya mashavu na daraja la pua. Mimi, niliyezoea kuwapa wateja tishu wajifute mafuta! "Ngozi yetu mwanga unateleza juu yake," mzee akaeleza, "uache uteleze, ndio unachora umbo."

Mgumu akapiga sita. Hakutazama nyuma ya kamera hata mara moja. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Wale ndugu wakachomeka memori kadi kwenye simu yao na tukaisubiri ifunguke.

Sikuwa nimewahi kujiona hivyo. Picha zangu zote zilikuwa zimepita mikononi mwangu mwenyewe kabla ya kumfikia mtu. Hii ilikuwa na kovu la nyusi nililolipata utotoni, ilikuwa na alama ya kunyoa, na ilikuwa nyeusi, nyeusi ya kweli, yenye mstari wa mwanga kutoka kwenye nywele mpaka kwenye taya. Nilimwomba anitumie. Akanitumia hapo hapo, nami nikamuomba radhi kuhusu mama yake, kwa sauti ndogo, wengine wakiwa wanakunja jora. Akasema, "Hamna shida, kaka. Hata yeye mwenyewe aliuliza kwa nini sikumsafisha."

Usiku ule nikamtumia mama yangu ile picha, Kibosho. Ilichukua muda kabla alama mbili hazijageuka buluu.

"Mwanangu unaumwa?" akaandika. "Mbona umekuwa mweusi hivyo?"

Nikamjibu siumwi, ni mwanga wa mlangoni tu. Kimya kirefu. Halafu: "Macho umechukua ya babu yako."

Nilikuwa nimeshaweka simu chini ya mto ilipolia tena.

"Ile ya kipaimara cha binamu yako nisafishie nyingine kubwa ya kuweka sebuleni. Ile ndiyo ulipiga vizuri."