Kadi inasomeka ila brauza inagoma

Jamani wiki hii nimehangaika mno na kadi yangu ya ukaazi hapa Tallinn. Estonia wana kadi za chipu tangu 2002, unachomeka kwenye kisoma kadi cha USB, PIN1 ya kuingia kwenye huduma, PIN2 ya kusaini nyaraka, basi.

Sasa mimi natumia Linux. Nimechomeka, taa inawaka, hata DigiDoc4, ile programu ya kusaini nyaraka, inaisoma kadi vizuri kabisa, lakini nikifungua brauza hola, inaniambia hakuna kitu, nikatoa nikarudisha, nikabadilisha waya, nikazima mashine nikawasha, wapi! Na PIN usijaribu kubahatisha, ukikosea mara tatu inafunga hadi utafute PUK.

Kumbe brauza yenyewe haiongei na kadi. Zamani kulikuwa na plagini za NPAPI, yaani vijiprogramu vya kuchomeka ndani ya brauza, Chrome wakaziondoa 2015, Firefox nao 2017, siku hizi unaweka eksitensheni (nyongeza ya brauza) ya Web eID, hiyo inaongea na programu iliyo kwenye kompyuta, na programu ndo inaongea na pcscd, ile huduma ya chini kwa chini inayoshika kisoma kadi. Sasa brauza yangu ilikuja kwa snap, aina ya kifurushi cha programu kwenye Linux, yaani imefungiwa ndani ya chumba chake, haiwezi kuifikia ile programu ya nje, mnyororo umekatika hapo hapo.

Nikaitoa, nikaweka ya deb, kifurushi cha kawaida kisichofungiwa hivyo, nikarudisha eksitensheni, nikafungua upya... ikaomba PIN1! Nilipiga kelele aisee. Mkataba wa nyumba nimeusaini usiku huohuo.