Kwa Kadiri ya Mwendo wa Watoto

Somo: Mwanzo 33:12–17

Wapendwa katika Bwana, Jumamosi iliyopita tulitoka Lushoto mjini watu kumi na wanne, tukaelekea kwa miguu Irente, kwenye ukingo wa milima ya Usambara. Ni mwendo wa takriban kilomita 5 tu. Tulianza kwa sala na wimbo, lakini kabla ya kuzipita nyumba za mwisho za mji kundi lilikuwa limekwisha kukatika vipande vitatu, na mimi, nakiri, nilikuwa katika kipande cha mbele.

Tuliotangulia tuliketi juu ya jabali tukitazama tambarare iliyo karibu mita 1,000 chini yetu, ambako mashamba ya mkonge ya Mazinde yanaonekana kama mkeka. Tulikula mkate, tukamsifu Mungu kwa uumbaji wake, na nusu saa ikapita ndipo mmoja akauliza mama yetu mzee yuko wapi. Nikarudi kumtafuta. Nilimkuta kando ya shamba la kabichi, ukanda wa ndala yake umekatika, naye anaufunga kwa kitambaa alichochana kwenye pindo la kanga, huku kijana mdogo kuliko sisi sote amesimama naye, ameshika kikapu chake. Mama hakulalamika, aliniuliza tu, "Mwanangu, mmeshafika?" Nilishindwa kujibu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimefika, na yeye bado.

Katika somo letu Esau, akiwa na watu wake 400, alitaka waongozane na Yakobo ndugu yake, lakini Yakobo akamwomba atangulie, ili yeye afuate polepole kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na wa watoto, maana kundi likikimbizwa siku moja tu litakufa. Tunajua kwamba hakufika Seiri, nchi ya Esau, kama alivyosema, bali aligeukia Sukothi, na huenda maneno yale yalikuwa na ujanja wake wa siku zote. Hata hivyo yalikuwa maneno ya mtu aliyekaa miaka 20 kwa mkwewe Labani akichunga mifugo yake, na aliijua mifugo kuliko Esau alivyoijua njia.

Nimelisoma tena pia Kumbukumbu la Torati 25:17–18, ambapo Amaleki, adui wa Israeli walipotoka Misri, hakuwapiga waliokuwa mbele, bali wanyonge waliobaki nyuma wakiwa wamechoka. Lawama ya andiko ni ya Amaleki. Lakini nimejiuliza wiki nzima, hao wa nyuma waliachwa umbali gani hata adui akawapata peke yao? Katika usharika wetu wapo walioacha kuja ibadani tangu walipokosa cha kutia katika bahasha ya ujenzi, na sisi wa mbele tunaendelea kuimba, tukidhani wanakuja.

Wakati wa kurudi tulimweka mama mbele, tukakubaliana kwamba hakuna atakayempita. Njia ile ile ilituchukua karibu saa tatu, kwa kuwa alisimama kila nyumba kusalimia na kuuliza habari za wagonjwa, ambao wengine asubuhi tulipita milangoni pao bila kugeuza shingo. Tulipoingia Lushoto taa zilikuwa zimekwisha kuwashwa, na kikapu kilikuwa bado mkononi mwa yule kijana, maana hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumpokea.