Jioni ya Kwanza Addis Ababa

Mjomba alikataa kupumzika. Ndege ilikuwa imetushusha uwanja wa Bole alasiri ile ya Novemba 2019, siku ya Jumatano, na mimi nilikuwa nimeshavua viatu, nawaza kitanda tu. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, koti kalifunga vifungo vyote.

"Mama, kulala tutalala nyumbani. Twende tukauone Ukumbi."

Ukumbi aliokuwa anausema ni Ukumbi wa Afrika, ule ambao OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilizaliwa ndani yake tarehe 25 Mei 1963. Mjomba alikuwa mtoto wa shule wakati huo, na habari ile waliisikia kwenye redio ya babu. Mimi safari hii niliipanga kwa ajili ya makumbusho na makanisa. Yeye alikuja kwa ajili ya jengo moja.

Pale mapokezi dada mmoja alitueleza kwa Kiingereza kwamba chai ya asubuhi huwa tayari saa moja. Wazungu wawili waliokuwa kando yetu wakatazamana: kifungua kinywa mchana? Mjomba akaitikia tu, "Saa moja, vizuri," akatoka. Wahabeshi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kama sisi, na nadhani hakuna wageni wanaopata raha ya saa mjini Addis kama Waswahili.

Tuliteremka hadi uwanja wa Meskel. Giza lilikuwa linaingia na baridi imeanza kuuma. Daladala zao za bluu na nyeupe zilikuwa zinagombania abiria, makonda wamening'inia milangoni wakiita "Piassa! Piassa!", na pembeni treni ya umeme ikapita juu ya daraja lake, imejaa hadi milangoni. Kwenye ngazi pana za uwanja vijana walikuwa wanafanya mazoezi ya mbio: wanakimbia toka mwisho huu hadi ule, wanapanda ngazi moja, wanarudi. Mji huu uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mimi nilikuwa nahema kwa kutembea tu.

Barabara ya Menelik II inapanda kutoka uwanjani, na Mjomba aliipanda kwa kusimama kila baada ya hatua chache, akisingizia kutazama miti. Tulipofika, Ukumbi ulikuwa ndani ya uzio wa Umoja wa Mataifa na geti limefungwa. Kilichoonekana ni sehemu tu ya ukuta na taa. Vile vioo maarufu vya rangi vya Afewerk Tekle, msanii wa Ethiopia, havikuonekana kutoka barabarani. Nilidhani atavunjika moyo. Wapi! Akashika kiuno, akaanza kunisomesha pale pale kando ya barabara: Nkrumah alitaka serikali moja ya Afrika mara moja, Mwalimu akasema twende hatua kwa hatua. Nikasema Nkrumah alikuwa na haki. Nilisema kwa uchokozi, lakini Mjomba alifundisha historia maisha yake yote, huwezi kumtania kwa jambo hilo. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kutuashiria kwa mkono tusogee mbele.

Njaa ndiyo iliyotupatanisha. Katika mgahawa mdogo Mjomba aliagiza nyama, mhudumu akatikisa kichwa: Jumatano ni siku ya mfungo kwa Waorthodoksi, na jikoni kwao siku hiyo nyama haipikwi. Ikaja sinia ya injera, ule mkate wao mpana kama chapati, yenye shiro, mchuzi mzito wa unga wa kunde, dengu na mboga za majani, vyote bila tone la samli. Mjomba alikula kimyakimya, kisha akaomba waongeze shiro.

Risiti ilipoletwa, akavaa miwani na kuiangalia kwa muda mrefu. Mwaka ulioandikwa ulikuwa 2012, kwa kalenda yao.

"Mimi nilistaafu 2014," akasema. "Basi kesho nina vipindi."

Alicheka peke yake njia nzima. Tulipofika nyumba ya wageni nikamkumbusha kwamba asubuhi ni zamu yangu, tunakwenda Makumbusho ya Taifa kumwona Lucy, yule bibi wa miaka zaidi ya milioni tatu ambaye mifupa yake ilifukuliwa Hadar mwaka 1974.

"Huyo amesubiri miaka yote hiyo," akanijibu, "saa mbili zaidi hazitamdhuru. Kwanza turudi pale getini, labda mchana watafungua."