Nipo Shamba la Chini

Ubao wenyewe ni mdogo, mweusi, umetundikwa kando ya mlango wa nyumba ya mbao. Una mstari mmoja wa chaki nyeupe, na wakati ule nilikuwa nimeshajua herufi za Kijapani za kutosha kuusoma polepole bila kusaidiwa: "Nipo shamba la chini. Kenji."

Ilikuwa mwezi wa tisa, 2014, Hanamaki, mkoa wa Iwate, kaskazini mwa Japani. Mimi ni bwana shamba. Nilikuwa nimetoka Chekereni, kule mabondeni chini ya mji wa Moshi, ambako mifereji ya mpunga ilichimbwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajapani, nikaenda Morioka kwa miezi kadhaa kusomea udongo na mbolea. Jumamosi moja mwalimu wangu, ambaye sote tulimwita Sensei, alinipitia na gari lake akasema anataka nikamwone mwenzangu. Nilidhani ni mtaalamu mgeni kama mimi. Kumbe huyo mwenzangu alifariki 1933.

Jina la Miyazawa Kenji nilikuwa nimelisikia. Ndiye aliyewaandikia watoto hadithi ya gari moshi linalopita katikati ya nyota, na ile ya wawindaji wawili wenye njaa walioingia mgahawani wakaagizwa wavue hiki, wajipake kile, hadi wakagundua kwamba chakula ni wao. Nisichokijua ni kwamba alisomea kilimo, tena udongo, katika chuo kilichokuja kuwa kitivo kilekile nilichosoma mimi. Jengo la zamani la chuo hicho nilikuwa nalipita kila asubuhi nikienda maabara.

Sensei alinisimulia njiani, huku mpunga umeiva pande zote mbili za barabara. Kenji alizaliwa 1896. Baba yake alikuwa na duka la kuweka rehani na kuuza nguo kuukuu, na wateja wake wengi walikuwa wakulima walioshindwa na mwaka. Mtoto alikua akiwatazama wakiingia na furushi na kutoka mikono mitupu. Iwate ilikuwa na miaka mibaya mingi: upepo wa baridi hutoka baharini wakati wa kiangazi, mpunga ukatoa masuke yasiyo na punje. Udongo nao ni wa volkano, mchachu, unadai chokaa. Haya mambo ya udongo ndiyo yaliyonifanya nikae sawa kwenye kiti.

Alifundisha shule ya kilimo ya Hanamaki tangu 1921. Mwaka uliofuata alifiwa na mdogo wake wa kike, Toshi, mwenye miaka 24, aliyekuwa msomaji wake wa karibu kuliko wote. Mwaka 1924 alitoa vitabu viwili, kimoja cha mashairi na kimoja cha hadithi za watoto, na havikupata wanunuzi wengi. Alifariki hadithi zake nyingi zikiwa bado maandishi ya mkono. Ndugu yake wa kiume ndiye aliyezitunza, akaziokoa hata kwenye moto wa mabomu yaliyoangushwa mjini hapo Agosti 1945.

Mwaka 1926 aliacha ualimu, akahamia peke yake katika nyumba hii ya mbao, akalima. Siku hizo ilikuwa sehemu nyingine ya mji, juu ya kingo za mto Kitakami, na shamba lilikuwa chini karibu na maji. Baadaye nyumba ilihamishiwa kwenye uwanja wa shule ya kilimo, ndiko tulikoikuta. Usiku aliwakusanya vijana wa vijijini akawafundisha udongo na muziki. Mchana aliwaandikia wakulima mipango ya mbolea, jaruba kwa jaruba: kiasi gani cha chokaa, kiasi gani cha hiki na kile. Hakuwatoza hata senti. Na aliyekuja asimkute, ubao ulimwonyesha pa kumfuata.

Mapafu yake hayakuvumilia maisha hayo. Jioni ya tarehe 20 Septemba 1933 alikuwa kitandani nyumbani kwa wazazi wake, hoi. Mkulima mmoja akabisha, ana swali kuhusu mbolea. Wenyeji walitaka kumrudisha. Kenji akabadili nguo, akashuka, akaketi kwa adabu mlangoni, akamsikiliza mtu yule kama saa nzima. Kesho yake mchana akafariki, akiwa na miaka 37.

Sensei aliyasema hayo tukiwa tumesimama mbele ya ubao. Nikashindwa kujibu.

Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, Jumamosi magharibi, mzee mmoja alibisha hodi kwangu. Alikuwa ametembea kutoka majaruba ya chini, suruali ina tope hadi magotini, mkononi amekunja gazeti lenye majani ya mpunga.

"Bwana shamba, mpunga wangu unageuka njano. Nimekuletea uone, mwanangu."

Nilikuwa mezani na wageni. Nilimwamkia, nikamwambia anisamehe, aje Jumatatu ofisini. Akasema, "Haya, baba," akaondoka na gazeti lake. Jumatatu hakuja. Wiki mbili baadaye nilipita shambani kwake: alikuwa amekopa yurea dukani akaimwaga yote, na mpunga umedumaa vilevile. Ulikuwa kimyanga, ugonjwa wa virusi vya mpunga. Kimyanga hakiponi kwa mbolea. Unang'oa mashina yaliyougua mapema, unayafukia, unaokoa yaliyobaki. Msimu ule mzee hakuvuna hata gunia moja, na deni la yurea lilibaki palepale.

Sikuwahi kumweleza mtu. Pale Hanamaki nilimweleza Sensei, kwa Kiingereza na Kijapani changu cha kuokoteza, bila kuacha kuutazama ubao. Nilitegemea atanifariji, au atanikaripia kwa upole kama ilivyo desturi yake. Alikaa kimya kwanza, akaniuliza kama tulivyokuwa tukiulizana maabara:

"Njano ilianzia majani ya chini au machanga ya juu?"

Ni swali ambalo bwana shamba yeyote huanza nalo. Ikianzia majani makuukuu ya chini, mpunga una njaa na yurea itausaidia. Ikianzia machanga, yenye madoa na michirizi, fikiria kimyanga. Jibu lilikuwa mkononi mwa yule mzee, mlangoni kwangu.

Nikamwambia Sensei kwamba gazeti lile sikulifungua.