Skana haionekani kwenye programu, kumbe ni biti tu

Wadau, mimi nina kastesheneri kadogo hapa Moshi karibu na stendi, juzi nimebadilisha kompyuta nikaweka Windows ya biti 64 (biti ni kipimo cha data ambayo mfumo unashika kwa mpigo, za zamani zilikuwa za biti 32), skana yangu ya zamani ikagoma, yaani inawaka, draiva (programu ndogo ya kuiendesha skana) imeingia, lakini nikifungua programu ya kuskani listi iko tupu na wateja wamejipanga na vyeti vyao. Nikabadili waya, nikafuta draiva nikarudisha, wapi.

Kumbe shida iko kwenye TWAIN, ule utaratibu wa tangu 1992 unaofanya programu na skana zielewane. Draiva ya TWAIN inapakiwa ndani ya programu yenyewe, sasa yangu ni ya biti 32 na programu niliyoweka ni ya biti 64, hapo haziwezi kuonana moja kwa moja. Nikaingia C:\Windows, folda ya twain_32 ina draiva yangu, twain_64 haina kitu chake.

Nikaitoa ile programu nikaweka toleo lake la biti 32, skana ikatokea hapohapo. Kuna njia ya WIA pia, utaratibu wa Windows yenyewe wa kuongea na skana, hiyo biti haziisumbui, ila kwangu machaguo yalikuwa machache mno, nikarudi TWAIN.