Nilitafuta kikao cha AA wiki tatu, kumbe mlinzi anakijua

Leo siku ya 94 sijagusa pombe, na AA ni Alcoholics Anonymous, yaani walevi wanaokutana kusaidiana kuacha kunywa. Watu wawili wameniuliza watsapu "mkuu ulienda wapi" kwa hiyo naandika mara moja nisirudie rudie.

Kabla ya yote, kama wewe ni wa kuanza na kiroba cha kichwa asubuhi (viroba vyenyewe vilipigwa marufuku 2017 lakini walevi tunajuana), usijifungie chumbani eti umeacha leo. Pombe ukiikata ghafla mwili unaweza kugoma, unapata degedege na watu wanakufa kabisa. Mimi nilipitia hospitali kwanza nikapewa dawa siku kadhaa huku daktari ananiangalia, mikono inatetemeka hadi namba ya siri ya simu nakosea.

Haya, nikaanza kutafuta. Intaneti ikaniletea Nairobi, Johannesburg, London, nikashuka chini weee mpaka nikakuta ukurasa wenye anwani ya hapa Dar, kanisa fulani, Jumanne saa kumi na mbili jioni. Nikaenda. Nakuta viti vimepangwa nusu duara, watu wapole wapole, nikasema ndo wenyewe hawa nikakaa zangu. Mama mmoja akaniinamia, "kaka, wewe sauti ya ngapi?" Yaani nilikuwa nimeingia mazoezi ya kwaya. Na kwa aibu niliyokuwa nayo nikajibu besi. Nikaimba besi saa nzima na robo, naomba msinicheke.

Namba ya simu ya kwenye ule ukurasa ilikuwa haipatikani. Hapo ndo kichwa kikaanza kunisomea kesi, si unaona, umejaribu, haipo, nenda kapate mbili tu ulale. Kilichoniokoa ni vikao vya Zoom, maana vipo karibu saa zote dunia nzima, nikaingia kimoja usiku kamera nimezima na Kiingereza changu cha kuokoteza, nikauliza kuna mtu wa Dar? Hakukuwa na wa Dar ila mtu mmoja alikuwa anamjua mtu, kesho yake nikapewa namba.

Akapokea mzee, sauti nzito. Jina hakuniuliza. Aliniuliza, "Leo umekunywa?" Nikasema bado. Akacheka sana, "Bado, au hapana?"

Asee hilo swali sijawahi kulisahau.

Alhamisi nikaenda alikonielekeza. Getini hakuna bango, hakuna karatasi, hakuna chochote, nikamwambia mlinzi nakuja kwenye semina. Semina gani? Ya... afya. "Aaah, wale wa chai! Pita nyuma ya vyoo, darasa la watoto." Mtaa ninaupita kila wiki kwenye daladala huo! Usiri unaokulinda usijulikane ndo huohuo unaokuzungusha mji mzima. Ushauri wangu, ukikwama uliza walinzi na wafagiaji, hao ndo wanajua nani anaingia chumba gani.

Ndani tulikuwa tisa, tumekalia viti vya watoto magoti yapo kifuani, ukutani mchoro wa safina ya Nuhu. (Wasomaji wa Biblia mnajua Nuhu alifanya nini baada ya gharika.) Mtu anasema jina moja, anasema mimi ni mlevi, wenzake wanamwitikia karibu, anaongea, hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri. Chumba ni cha kanisa ila kikao sio cha kanisa, pembeni yangu kulikuwa na bwana na kofia yake ya kiislamu na zile hatua 12 za AA za kuachana na pombe zenyewe zinamtaja Mungu kwa vile wewe unavyomwelewa. Kiingilio hakuna, fomu hakuna, sharti ni uwe unataka kuacha kunywa tu. Bakuli likapita la kodi na majani ya chai, nilipoingiza mkono mfukoni wakanizuia, mgeni hatoi. Kuna vikao vya wazi ambavyo hata mama watoto wangu anaweza kuja na kuna vya sisi wenyewe tu, uliza kabla hujambeba mtu.

Yule mzee ndo akanihadithia ilivyoanza. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa mambo ya hisa wa New York, biashara imemfia Akron kule Ohio, kasimama hotelini anasikia baa inavyochangamka, ana miezi michache tu hajanywa. Akaenda kwenye orodha ya makanisa akaanza kupiga simu, anatafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Zikazungushana hizo simu mpaka akafikishwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Kwa hiyo hata mwanzilishi alihangaika na simu kama mimi, tofauti hakuishia kwaya.

Wa mikoani, kama AA hamna ulizia NA (Narcotics Anonymous, vikao kama hivi vya wanaoacha dawa za kulevya). Hao wanajulikana zaidi kwa watu wa unga lakini kwao pombe nayo ni dawa ya kulevya kama nyingine, hawakufukuzi.

Alhamisi hii zamu yangu kuchemsha chai. Mlinzi kashaniambia tangawizi niweke nyingi, ya wiki jana ilikuwa maji ya moto tu.